Friji la Damu Nililoliondosha kwa Kalamu

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne asubuhi kwenye kibanda cha magazeti cha mtaani kwetu, Chang'ombe. Muuza magazeti, ambaye siku zote hunipokea kwa utani, safari hii alinikabidhi gazeti kimyakimya, kisha akasema, "Yule mama wa maabara ametutoka. Presha ilimpanda alfajiri, hata hospitali hakufika. Wanazika baada ya adhuhuri." Nikasema inna lillahi, nikalikunja gazeti nikaondoka. Sikuuliza msiba uko wapi, kwani nyumba yao naijua, ni vichochoro viwili tu kutoka kwangu. Nilikuwa na majonzi, lakini kilichonitoa pale kwa hatua ndefu ni kingine. Muuza magazeti ni mmoja wa watu wachache wanaojua nilimtendea nini marehemu, na niliogopa asije akaongeza neno. Ninyi mnaosoma safu hii mmenizoea nikiwaanika wengine, mara wakubwa wa ofisi, mara makandarasi, mara wenye mabasi. Leo nitasimulia jambo nililolifanya mimi.

Marehemu alizaliwa Temeke, katika familia ya watu wa pwani waliokuwa pale kabla barabara zetu hazijaona lami. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na ushungi wake aliubana kwa pini nyingi kuliko zilivyohitajika, eti kwa sababu maabara haina mkono wa ziada wa kurekebisha nguo. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kwenye kitengo cha damu cha hospitali moja ya jiji letu, ambayo sitaitaja. Kufahamiana kwetu kulikuwa kwa hapo kibandani tu. Kila wiki, siku ya safu yangu, alilichukua gazeti, akaisoma akiwa amesimama, kisha akalirudisha mahali pake bila kulinunua. "Nikilinunua utavimba kichwa," aliniambia mara moja. Siku nyingine angenitazama juu ya miwani na kusema, "Leo umeanza vizuri ila mwishoni umechoka. Ulikuwa na njaa?" Nilimpenda kwa hilo. Wasomaji wanaosifu ni wengi, lakini anayeona pale ulipochoka ni mmoja mmoja.

Sasa nije kwenye lile jambo. Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu wa kike alikuwa amelazwa katika hospitali hiyohiyo akisubiri upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Waliambiwa ndugu wachangie damu kwanza, ndipo apangiwe siku. Mumewe, shemeji yangu anayeishi Kiwalani, alizunguka kwa ndugu na marafiki. Mmoja alisema ana malaria, mwingine alisema mkewe hataki, mwingine akazima simu. Mimi nilisema nameza dawa. Ilikuwa kweli nilikuwa nameza dawa, ila sikumuuliza daktari yeyote kama dawa hizo zinamzuia mtu kuchangia. Upasuaji ukasogezwa wiki moja. Siku hiyohiyo mchana, shemeji akipita karibu na chumba cha dharura, aliona mlango uko wazi, na ndani kuna friji dogo lenye kioo, na ndani ya friji kuna mifuko ya damu. Alipouliza, nesi alimjibu akiwa mbioni, "Hiyo si ya wagonjwa wa wodini, baba." Shemeji akanipigia simu. "Braza, damu ipo! Nimeiona kwa macho yangu. Wameificha. Ya wakubwa hiyo."

Nilikaa mezani papo hapo. Sikupiga simu hospitali. Sikumuuliza jirani yangu yule wa maabara, mtu ambaye angeweza kunipa jibu kwa dakika mbili na ambaye nilijua nitakutana naye asubuhi ya kesho yake. Ukweli ni kwamba sikutaka jibu, kwa kuwa nilikuwa na hadithi tayari, na hadithi ilikuwa tamu. Kabla ya adhana ya alasiri nilikuwa nimemaliza. Niliandika kwamba maskini anatolewa damu na tajiri anawekewa friji. Sentensi hiyo niliisoma kwa sauti mara tatu, nikajipongeza. Watu wakaipenda. Simu yangu ilijaa pongezi, na mtangazaji mmoja akaisoma redioni kwa sauti ya kulia. Katika wote waliopongeza hakuna aliyejua kwamba mwandishi aliyemlilia maskini anayechangia damu hakuwa amewahi kuchangia hata tone.

Wiki haikwisha kabla friji halijaondolewa. Viongozi wa hospitali hawakutaka kelele. Likabebwa likapelekwa maabara, ghorofa ya pili, ng'ambo ya ua, likaungana na damu nyingine chini ya ufunguo mmoja. Nilipopata taarifa hiyo nilijiona mshindi. Damu ikapatikana, na mdogo wangu naye alifanyiwa upasuaji wiki iliyofuata kama alivyopangiwa, akapona, na leo anauza vitenge vyake kama kawaida.

Jumamosi moja baada ya hapo nilimkuta jirani yangu kibandani. Gazeti hakuligusa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Jumatatu una kazi?"

"Sina ya lazima."

"Njoo hospitali saa nne asubuhi. Vaa viatu vya kutembelea."

Nilikwenda. Nadhani nilitarajia kugombezwa, nami nilikuwa nimeandaa maneno ya kujibu kuhusu uhuru wa kalamu. Alinikuta mlangoni pa chumba cha dharura, akaniwekea mkononi kichupa kidogo cha kioo chenye maji na fomu moja tupu. "Haya," akasema, "wewe umeangukiwa na bamba la chuma kiwandani. Mguu umepasuka, damu inakwenda. Hiki kichupa ni damu yako, lazima kifike maabara tukajue kundi lako. Nani anakipeleka?"

"Ndugu yangu," nikasema.

"Ndugu gani? Umeletwa na bajaji, na dereva ameshaondoka. Mkeo yuko nyumbani anaosha vyombo, hajui kama umeumia."

"Basi nesi."

"Nesi wako wawili. Mmoja amekandamiza jeraha, akiachia umekwenda. Mwingine anakutafutia mshipa, na mishipa imeshalala."

Miaka yote ninayoandika kuhusu hospitali zetu, sikuwahi kufikiri kwamba zimejengwa juu ya ndugu. Ndugu ndiye anayebeba fomu, ndugu ndiye anayefuata majibu, ndugu ndiye anayeulizia dirishani. Majeruhi wa ajali haji na ndugu. Anakuja na wapita njia.

"Tuseme amepatikana mtu wa kukipeleka," akasema, akitazama saa ya ukutani. "Tembea."

Nikatembea, yeye nyuma yangu. Tulikata foleni ya dawa iliyoziba ukumbi, tukavuka ua kwenye jua, tukapanda ngazi. Dirishani kijana wa mapokezi aliitazama fomu akairudisha, haina sahihi ya daktari. Tukateremka, tukavuka ua, tukasubiri daktari amalize kushona, akatia sahihi, tukapanda tena. Maabara walinionyesha muda wa kupima kundi na muda wa kulinganisha damu ya mgonjwa na ile atakayopewa, na marehemu alinilazimisha kukaa kwenye benchi muda wote huo, dakika kwa dakika, nikitazama ukuta. Kisha ufunguo wa friji haukuwepo. Aliyeushika alikuwa ameitwa ofisini. Tuliporudi chumba cha dharura na mfuko wetu wa kufikirika, saa ilikuwa imekula dakika hamsini na mbili.

"Na leo ni siku nzuri," akasema. "Mtu aliyekatika mshipa wa paja hana hata nusu ya hizo."

Ndipo akanieleza, bila kupandisha sauti, kile friji lilichokuwa likifanya. Ndani yake mlikuwa na chupa nne tu, kama wanavyoita ile mifuko, zote za kundi O, ambalo majeruhi anaweza kuanza kupewa kabla hata kundi lake halijajulikana, huku maabara wakiendelea kupima. Chupa zikikaribia kwisha muda zilirudishwa benki, akapewa mama aliyejifungua, au mtoto mwenye selimundu, au mgonjwa wa upasuaji kama mdogo wangu, na nyingine zikawekwa badala yake. Hakuna iliyomwagwa. "Mle hamna ya mkubwa," akasema. "Mkubwa akivuja damu ni kama wewe tu. Nilihangaika na lile friji tangu nikiwa na macho ya kusoma bila miwani, mdogo wangu. Wewe umeliondoa kwa mchana mmoja."

Nikajitetea kwamba mdogo wangu alikuwa anateseka wodini.

"Alikuwa anateseka, ndiyo. Mie ndiye niliyempima damu yake, na nilimwonea huruma. Lakini alikuwa na wiki." Akaongeza, "Kwa nini hukuniuliza? Tunaonana kila siku."

Niliahidi kuandika masahihisho, na wallahi siku ile nilikusudia. Nikampelekea mhariri wazo. Akacheka, akasema, "Ukijikana sasa hivi watasema umehongwa. Acha lipoe kwanza." Nikaacha lipoe. Wiki zikapita. Kila siku ya safu yangu jirani alifika kibandani, akalifungua gazeti kwenye ukurasa wangu, akapitisha macho kutoka juu hadi chini kama anayetafuta jina katika orodha ya waliofaulu, akalirudisha. Hakuniambia tena kama nimeanza vizuri au mwishoni nimechoka. Nikaanza kuchelewa kwenda kibandani siku hizo, mtu mzima mwenye mvi, najificha nyuma ya pazia la nyumba yangu hadi apite.

Kisha akafa fundi. Ilikuwa mchana, kwenye karakana moja ya mageti hapahapa Chang'ombe. Diski ya kukatia chuma ilipasuka ikamchana paja. Wenzake walimfunga kwa shati na kumkimbiza hospitali. Kesho yake asubuhi jirani yangu alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Yule fundi wa mageti jirani na msikiti, unamjua?"

Nilimjua. Geti langu, lililokuwa nyuma ya mgongo wa jirani, fundi huyo ndiye aliyelitengeneza.

"Jana saa saba mchana. Mhudumu alikuwa kwenye ngazi anateremka na damu. Alipofika, daktari alikuwa ameshavua glavu."

"Kwa hiyo..." nikaanza.

"Kwa hiyo nini? Sikuja kukwambia umemuua. Huenda friji lingekuwepo na bado angekufa. Hilo mie sitalijua, wala wewe hutalijua. Ndiyo ubaya wenyewe." Akaweka ushungi wake sawa, akaondoka. Nilitazama geti langu siku nzima. Jioni nikaenda msibani kwa fundi, nikakaa na wanaume, nikasikiliza watu wakisema siku yake ilikuwa imefika, nami nikaitikia kwa kichwa.

Mtadhani baada ya hapo niliandika. Niliandika, na hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Wiki ile safu yangu ilihusu mifereji iliyoziba na mvua za masika. Chini kabisa, baada ya mifereji, nilitia sentensi tatu. Nilisema kwamba kuhusu friji la damu "tulilowahi kuligusia", wataalamu wanaeleza kuwa akiba ya damu karibu na majeruhi inaweza kuokoa maisha. Nikasema ni vyema wahusika wakalitazama suala hilo upya. Nikawatakia kila la heri. Someni tena lile neno, tulilowahi. Nilipokuwa nalaumu nilisema "mimi" kwa kifua mbele. Ilipofika zamu ya kukiri, nikajificha ndani ya "sisi", na hata huyo "sisi" hakukiri kitu. Nilijua jirani atazisoma. Nilijua pia kwamba atajua nilichokifanya.

Yeye hakuningoja. Alinunua daftari, akaanza kuandika kila majeruhi aliyefika akivuja damu. Aliandika saa aliyoingia, saa kichupa kilipofika dirishani, saa damu ilipomfikia, na kama aliikuta akiwa hai. Aliwazungusha wakubwa wake njia ileile aliyonizungusha mimi, mmoja baada ya mwingine, na vichupa vya maji mikononi. Nasikia katika kikao kimoja ofisa fulani alimtuliza kwa kumwambia haraka haraka haina baraka, naye akamjibu, "Methali hiyo hakuitunga mtu anayevuja." Taratibu mambo yakaanza kusogea. Fomu za dharura zikawa zinakaa chumba cha dharura zikiwa na muhuri tayari. Kila zamu ikapewa mhudumu mmoja ambaye kazi yake ni njia hiyo na si nyingine. Ufunguo ukakatazwa kutoka nje ya chumba cha damu. Kengele ikafungwa, ikibonyezwa kule chini, huku juu wanajua kuna mtu anakwisha. Mwaka uliofuata, asubuhi moja, alinipita pale kibandani akasema neno moja tu: "Limerudi."

"Hongera, dada."

"Ya nini? Si lilikuwepo?"

Nimewaza sana kuhusu jibu lile. Sisi wa kazi hii tunapenda kuamini kwamba panapokosekana kitu pana mtu aliyekificha, na kazi yetu ni kumfichua. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi zaidi kitu hakipo kwa sababu kila mmoja wetu ametoa udhuru, mmoja malaria, mwingine mke, mwingine vidonge, kisha tunakasirika pamoja tukikuta kidogo kilichopo kimewekwa kwa ajili ya mtu anayekufa. Friji lile halikumnyima damu mdogo wangu. Aliyemnyima ni mimi kaka yake. Nilikuja kumuuliza daktari kuhusu zile dawa baadaye sana, na jibu lilikuwa kwamba ningeweza kuchangia siku ileile. Sasa nachangia, lakini sioni kama ni jambo la kujisifia.

Jumanne ile tulimzika Temeke. Tuliporudi nyumbani kwao tukakaa barazani juu ya mikeka, na binti yake mkubwa, ambaye ni mwalimu, akatoka ndani akanijia. Alinipa shikamoo akauliza kama mimi ndiye mwandishi. Nikasema ndimi. "Mama alikuwa akikutaja," akasema mbele ya wajomba zake wote. "Alisema ulimsaidia kulirudisha lile friji." Akaingia ndani, akarudi na daftari, lile la dakika. Kwenye jalada la ndani zilikuwa zimebandikwa sentensi zangu tatu, zimekatwa kwa mkasi vizuri, na zimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. "Alikuwa akiingia nazo kwenye vikao, anawaambia hata magazeti yameandika." Nikapekua kurasa kidogo nikitafuta ile makala nyingine, ile ndefu iliyosomwa redioni. Haikuwepo. Binti akasema ahsante sana, mzee wangu, na mjomba mmoja akasogea ili nipate nafasi ya kuegemea ukuta.

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Nikamwambia, "Haina neno, mwanangu." Chakula kilipoletwa nikanawa, nikala na wafiwa.

Sikulala vizuri siku zilizofuata, na jana nilichapa haya yote, nikampelekea binti kabla ya kumpelekea mhariri. Alisoma mwanzo hadi mwisho bila kuinua uso. Akauliza, "Mama alijua kwamba zile sentensi tatu hazikuwa kitu?" Nikasema alijua. "Basi alikusitiri," akasema, akanirudishia karatasi. Hakunikaribisha ndani, nami sikutarajia anikaribishe.

Kwa hiyo niseme wazi, na niseme kwa umoja, "mimi" na si "sisi". Nilichoandika kuhusu friji la damu kilikuwa uongo. Sikuuliza, na ningeweza kuuliza. Friji halikuwa la wakubwa, lilikuwa la yeyote aliyefika pale hana ndugu na hana muda, na mwanamke aliyelipigania hakustahili hata herufi moja ya niliyoyaandika. Nilichojifunza ni kidogo na kimechelewa. Mwenye haraka ya kulaumu hana ruhusa ya kupunguza mwendo inapofika zamu ya kusahihisha. Masahihisho haya yalihitaji asubuhi moja tu. Nilikuwa na asubuhi nyingi, na katika zote hizo alikuwa hai.